Barua Imeingia, Simu Haikulia: Kutatua Matatizo ya Skripti ya Arifa za Baruapepe

Skripti inayosoma kikasha cha baruapepe na kupeleka kila barua mpya kwenye simu kama arifa haina urefu. Mistari michache ya Python inatosha. Tatizo lake ni kwamba ikikwama, mara nyingi hukwama kimya kimya. Mwenye nyumba ya wageni anayeitegemea arifa hiyo ili ajue kwamba ombi la chumba limeingia haoni ujumbe wowote wa kosa. Simu yake hailii, naye hudhani kwamba siku hiyo hakuna aliyeandika, hadi jioni anapofungua kikasha na kukuta mgeni alishasubiri jibu, akachoka, akalipia chumba kwingine. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unazipa nafasi kubwa zaidi hitilafu zisizojitangaza, na unazipitia kwa haraka zile ambazo skripti yenyewe huzitaja kwa maneno.

Mfumo unaozungumziwa hapa ni huu: kikasha cha Gmail kinachosomwa kwa itifaki ya IMAP (kanuni ambazo programu hufuata kusoma barua zilizo kwenye seva) kupitia mlango 993, skripti ya Python inayofanya kazi saa zote kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au kwenye seva ya kukodi, na boti ya Telegram, yaani akaunti inayoendeshwa na programu badala ya mtu, inayofikisha ujumbe kwenye simu. Anayetumia mtoa huduma mwingine atakuta majina ya amri na makosa yametofautiana, lakini dalili na visababishi kwa sehemu kubwa ni vile vile.

Tafuta kwanza barua ilipoishia

Kabla ya kugusa mstari wowote wa skripti, ni lazima ijulikane barua imepotelea wapi, kwa kuwa kuna safari tatu tofauti: kutoka kwa mtumaji hadi kwenye kikasha, kutoka kwenye kikasha hadi kwenye skripti, na kutoka kwenye skripti hadi kwenye simu. Wengi huanza kubadilisha skripti papo hapo, wakaongeza hitilafu mpya juu ya ile ya zamani, ilhali barua yenyewe ilichelewa kwa mtumaji.

Safari ya kwanza hukaguliwa kwa kufungua barua husika katika Gmail na kuchagua kuonyesha barua asili, ambako mistari inayoanza na neno Received husomwa kutoka chini kwenda juu, kila mmoja ukiwa na saa ambayo seva fulani iliipokea barua. Angalia vizuri saa hizo, kwa maana mistari ya Google kwa kawaida huandikwa kwa saa za California. Mstari unaoishia na «Mon, 3 Mar 2025 05:12:40 -0800» unamaanisha saa 10 na dakika 12 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, siku hiyo hiyo. Tofauti ni saa 11 pale panapoandikwa -0800, na saa 10 pale panapoandikwa -0700. Ikiwa mstari wa chini na wa juu vimepishana kwa nusu saa, barua ilikawia njiani kabla hata ya kufika kwenye kikasha, na skripti haina kosa.

Safari ya tatu hukaguliwa kwa kuiruka skripti kabisa na kutuma ujumbe wa jaribio moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ile ile, ukiweka namba ya mazungumzo yako mahali pa NAMBA na ufunguo wa siri wa boti, uitwao tokeni, mahali pa TOKENI:

curl -d chat_id=NAMBA -d text=jaribio https://api.telegram.org/botTOKENI/sendMessage

Ujumbe huo ukifika na simu ikalia, tatizo liko kati ya kikasha na skripti. Jibu likisema «ok» kuwa «true» na simu isilie, tatizo liko kwenye simu. Likija jibu la kosa, soma maneno yake yote, kwa sababu Telegram hueleza kisababishi waziwazi.

Skripti inakataliwa kuingia kwenye kikasha

Ujumbe wa AUTHENTICATIONFAILED katika Gmail karibu kila mara unatokana na kutumia nenosiri la kawaida la akaunti. Google iliondoa ruhusa ya kuingia kwa jina na nenosiri pekee kwa akaunti binafsi tangu mwezi Mei 2022. Njia inayobaki kwa skripti ndogo ni nenosiri la programu, lenye herufi 16, ambalo hutolewa baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Google hulionyesha likiwa limegawanywa kwa nafasi katika mafungu ya herufi nne nne, na nafasi hizo hazihitajiki unapolinakili.

Dalili inayowachanganya watu zaidi ni skripti iliyofanya kazi kwa miezi mingi, kisha ikaanza kukataliwa ghafla bila mtu kuigusa. Hapo uliza kama kuna mtu aliyebadilisha nenosiri kuu la akaunti, kwani mabadiliko hayo hubatilisha manenosiri yote ya programu yaliyotolewa kabla yake, na itabidi uombe jipya.

Wenye akaunti za Outlook.com wajue kwamba Microsoft ilifunga njia ya nenosiri la kawaida mwezi Septemba 2024, na kwamba kwao hakuna njia ya mkato: skripti sharti itumie OAuth 2.0, utaratibu wa kuipa programu ruhusa ya kuingia bila kuikabidhi nenosiri.

Ikiwa kosa linataja cheti cha usalama ambacho bado hakijaanza kutumika, tazama saa ya kompyuta. Matoleo ya Raspberry Pi yaliyotangulia la tano hayana saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme unapokatika, hivyo umeme ukirudi kabla ya intaneti, kompyuta huamka ikidhani ni tarehe ya zamani na kuvikataa vyeti halali. Amri ya timedatectl itaonyesha kama saa imeshalinganishwa na mtandao.

Arifa zilikuwa zinakuja, kisha zikakoma bila kosa lolote

Hii ndiyo hitilafu ya msingi katika kazi hii, na inastahili subira.

Skripti nzuri haikiulizi kikasha kila baada ya sekunde chache kama kuna kitu kipya. Hutumia amri ya IDLE, iliyowekwa rasmi mwaka 1997 katika waraka wa RFC 2177, ambayo humwezesha mteja, yaani programu inayosoma kikasha, kuacha muunganisho wazi na kusubiri seva imwambie kwamba barua imeingia. Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba muunganisho uliokaa kimya haufanani na chochote. Skripti inayosubiri barua na skripti iliyokatiwa muunganisho bila kuarifiwa huonekana sawa kabisa ukizitazama: zote ziko hai, zote hazina kosa, na zote hazisemi neno.

Kukatiwa huko hutokea kwa njia tatu. Ya kwanza ni seva yenyewe. Waraka niliotaja unashauri mteja aanze upya IDLE angalau kila baada ya dakika 29, kwa kuwa seva ina haki ya kumfukuza mteja aliyenyamaza kwa dakika 30. Ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kwa wanaotumia intaneti ya laini za simu, ni kifaa cha mtoa huduma kinachowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ambacho hufuta kumbukumbu ya muunganisho usiopitisha chochote kwa muda, bila kumjulisha mteja wala seva. Ya tatu ni ruta ya nyumbani iliyozimika na kuwaka tena, au bando lililokwisha likaongezwa baadaye.

Dawa ni moja kwa zote tatu. Skripti isisubiri bila kikomo. Baada ya dakika tisa au kumi itoke kwenye IDLE kwa amri ya DONE, iulize kikasha kama kuna kitu, kisha iingie tena; na ikishindwa kupata jibu ndani ya sekunde 30, ifunge muunganisho na kuunganisha upya tangu mwanzo. Katika IMAPClient, maktaba ya Python ya kusomea IMAP, kazi ya idle_check hupokea kipimo cha muda, na kukiacha wazi ndiko kunakozaa ukimya usio na mwisho. Moduli ya imaplib inayokuja na Python yenyewe inaruhusu kuweka kikomo cha muda wa muunganisho tangu toleo la 3.9, nayo IDLE imeingizwa ndani yake katika toleo la 3.14; skripti nyingi za zamani zinazodai kutumia IDLE kwa imaplib zilibuni njia zao wenyewe, na ndizo za kwanza kushukiwa.

Usisahau upande wa pili. Maktaba ya requests, ambayo wengi huitumia kuita Telegram, haina kikomo cha muda usipokiweka, kwa hiyo ombi moja lililokwama linaweza kuishikilia skripti nzima kwa saa nyingi huku kikasha kikijaa. Andika timeout=20 katika kila ombi.

Hali inayofanana na hiyo ni skripti inayokufa kila umeme unaporudi na isiamke tena. Wanaoiendesha kwa systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma, huweka Restart=always na kudhani yamekwisha. Ukweli ni kwamba kwa mipangilio ya kawaida systemd husubiri sehemu ndogo tu ya sekunde kabla ya kuiwasha skripti tena, na huduma inayojaribu kuanza zaidi ya mara tano ndani ya sekunde kumi huachwa moja kwa moja. Kompyuta ikiwaka kabla ya ruta kupata mtandao, mara tano hizo huisha kabla intaneti haijarudi. Amri ya systemctl status itaonyesha kwamba huduma imeshindwa kwa kuanza upya haraka mno. Weka RestartSec=30, na skripti itaendelea kubisha hodi hadi mtandao ufunguke.

Kama kumbukumbu za huduma, zinazosomwa kwa amri ya journalctl, zinaonekana tupu ingawa skripti inaandika kwa print, Python inayashikilia maneno hayo kabla ya kuyatoa. Endesha python3 kwa kiambishi -u, ndipo utakapoyaona kwa wakati wake.

Baadhi ya barua zinapita bila arifa

Dalili hii ina visababishi viwili vikubwa, na vyote viko katika namna skripti inavyoamua ni barua ipi iliyo mpya.

Skripti nyingi huuliza kikasha kwa neno UNSEEN, yaani barua ambazo hazijasomwa. Njia hiyo inaonekana ya busara hadi mtu mwingine anapokuwa na akaunti hiyo hiyo kwenye kompyuta ya ofisini: akiifungua barua sekunde chache kabla ya skripti kuuliza, barua hiyo si mpya tena machoni pa skripti, na arifa haitumwi kamwe. Kinyume chake pia hutokea. Skripti ikiichukua barua kwa BODY[] au RFC822, seva huiwekea alama ya kusomwa, na wenye akaunti huikuta imeshapoteza wino mzito kabla hawajaiona. Tumia BODY.PEEK[], inayosoma bila kuacha alama.

Njia iliyo thabiti ni kuachana na UNSEEN na kutumia UID, namba ambayo kila barua hupewa katika folda na ambayo hupanda tu, haishuki. Skripti huhifadhi UID ya barua ya mwisho iliyotumiwa arifa katika faili dogo, na kila mara huuliza barua zenye namba kubwa kuliko hiyo. Hifadhi pamoja nayo thamani ya UIDVALIDITY ya folda, inayoonyesha kama namba hizo bado ni halali. Ikibadilika, namba zote za zamani hazina maana tena na hesabu ianze upya.

Mpangilio wa hatua hapa una uzito kuliko jambo lolote jingine katika skripti. Tuma arifa kwanza, pata jibu la Telegram kwamba imepokelewa, ndipo uandike UID mpya kwenye faili. Aliyeandika namba kwanza, kisha akashindwa kutuma kwa sababu mtandao ulikatika, ameipoteza barua hiyo moja kwa moja. Mpangilio ninaoupendekeza unaweza kuleta arifa ileile mara mbili pale skripti inapozimika katikati, na naukubali mbadala huo bila kusita: arifa ya ziada humkera mtu kwa sekunde moja, lakini arifa iliyokosekana humpotezea mwenye biashara mteja.

Kisababishi cha pili ni folda. Skripti iliyofungua INBOX haioni barua ambazo kichujio cha Gmail kimezipitisha kando ya kikasha na kuzipeleka kwenye lebo, wala zile zilizotupwa kwenye barua taka. Vichupo vya Matangazo na Jamii havina shida hiyo, kwani kwa IMAP vyote ni sehemu ya INBOX. Unapotaka kufungua folda nyingine za Gmail, usiandike majina yake kwa kubahatisha, kwa sababu hufuata lugha ya akaunti. Omba orodha kwa amri ya LIST na utafute folda yenye bendera ya \All au \Junk.

Wanaotumia SINCE kuchuja kwa muda wajue kwamba amri hiyo hutazama tarehe pekee na haizingatii saa wala ukanda wa saa. Barua zinazoingia usiku wa manane hadi alfajiri ndizo zinazoangukia kwenye mwanya huo.

Arifa moja inakuja tena na tena

Ukiona barua ileile ya mwisho inatangazwa kila skripti inapouliza, tazama ombi la UID. Tuseme namba iliyohifadhiwa ni 500 na skripti inaomba «501:*». Nyota humaanisha barua yenye namba kubwa kuliko zote, na kwa kanuni za IMAP mpangilio wa pande mbili haujalishi. Ikiwa hakuna barua mpya, kubwa kuliko zote ni 500 yenyewe, na seva huirudisha kwa uhalali kabisa. Linganisha kila UID iliyorudi na ile iliyohifadhiwa, na uziache zisizoizidi.

Arifa zinazokuja mbilimbili kwa barua zote zinaashiria kwamba skripti mbili zinaendeshwa kwa pamoja, kwa kawaida moja ikiwa chini ya systemd na nyingine iliyosahauliwa kwenye crontab, orodha ya kazi ambazo kompyuta huzianzisha kwa ratiba. Zikizidi kuongezeka, Gmail italalamika kwamba miunganisho ni mingi mno, kwa kuwa inaruhusu 15 kwa wakati mmoja kwa akaunti, na simu na kompyuta za ofisini zinahesabiwa humo humo.

Telegram inaukataa ujumbe

Kosa la 401 ni tokeni yenye kasoro. Kosa la 403 ni kwamba mpokeaji ameizuia boti au hajawahi kuianzisha, kwani boti haina ruhusa ya kumwandikia mtu ambaye hajabonyeza kitufe cha kuanza. Kosa la 400 linalosema mazungumzo hayakupatikana ni chat_id isiyo sahihi. Namba za vikundi huanza na alama ya kutoa, na kikundi cha kawaida kinapogeuzwa kuwa kikundi kikuu hupata namba mpya, ambayo Telegram huitaja ndani ya jibu hilo hilo la kosa. Kosa la 429 ni kutuma kwa kasi kupita kiasi: subiri sekunde zilizotajwa katika retry_after, na kwa jumla usizidishe ujumbe mmoja kwa sekunde katika mazungumzo mamoja.

Kuna kosa moja la 400 linalostahili kuelezwa zaidi, kwa sababu hutokea kwa baadhi ya barua tu na hivyo hufanana na bahati mbaya. Skripti nyingi hutuma ujumbe kwa parse_mode ya HTML, mpangilio unaoiambia Telegram isome alama za mapambo ya maandishi, ili jina la mtumaji lionekane kwa herufi nzito. Anwani ya mtumaji katika baruapepe huja ikiwa imefungwa kwa mabano ya pembe, baada ya jina lake. Telegram huyaona mabano hayo ikadhani ni tagi ya HTML isiyoijua, na kuukataa ujumbe mzima. Pitisha kila kilichotoka kwenye barua katika html.escape kabla ya kukiweka kwenye ujumbe, au achana na parse_mode. Ukomo wa ujumbe ni herufi 4096; kwa arifa, herufi 300 za mwanzo zinamtosha msomaji kuamua kama afungue kikasha.

Kichwa cha barua kikionekana kama «=?UTF-8?B?» na mkururo wa herufi zisizosomeka, hakijaharibika. Kimesimbwa tu, na Python hukifungua chenyewe unapoisoma barua kwa policy=email.policy.default.

Telegram imepokea, simu imenyamaza

Kama skripti inaonyesha jibu la mafanikio saa 4 asubuhi na simu ikalia saa 5 au ilipowashwa skrini, tatizo ni usimamizi wa betri. Tangu Android 6.0 simu iliyolala huzuia programu kutumia mtandao, na watengenezaji wengi huongeza ukali wao wenyewe juu ya huo, ikiwemo kuzima programu ambazo hazijafunguliwa kwa muda. Katika mipangilio ya betri, iondolee Telegram vizuizi vyote, na uiruhusu kujiwasha yenyewe pale simu inapokuwa na kipengele hicho. Kuanzia Android 13 programu huhitaji pia ruhusa ya wazi ya kutoa arifa, ambayo hukataliwa kwa bahati mbaya siku ya kuisakinisha. Ukiwa umefungua Telegram kwenye kompyuta, arifa ya simu inaweza kusubiri kidogo.

Ikiwa ujumbe haufiki kabisa kwa kila mtu mliye naye katika mtandao mmoja, lakini seva ya nje ya nchi inautuma bila kosa, huenda Telegram yenyewe imezuiwa mahali ulipo. Kenya ilishuhudia hali hiyo mwezi Novemba 2024 wakati wa KCSE, mitihani ya kumaliza shule ya sekondari. Kwa arifa ambazo biashara inazitegemea, andaa njia ya pili, kwa mfano ntfy, ambayo hupokea ujumbe kwa ombi moja la HTTP na unaweza kuiendesha kwenye seva yako.

Boti inatuma vitu ambavyo hukuviandika

Hapa usichunguze kwanza. Fungua BotFather, boti rasmi ya Telegram ya kusimamia boti nyingine, batilisha tokeni kwa /revoke, kisha ndipo uanze kutafuta ilikovujia. Mahali pa kwanza pa kutazama si skripti bali kumbukumbu zake: tokeni ni sehemu ya anwani ya ombi, na requests inaposhindwa kuunganisha huandika anwani yote katika maelezo ya kosa. Aliyebandika kosa hilo mahali pa wazi ili aombe msaada amebandika na ufunguo wake. Weka tokeni na nenosiri la programu katika faili tofauti lenye ruhusa 600 (yaani mwenye faili pekee ndiye anayeweza kulisoma), zifute tokeni kwenye maelezo ya makosa kabla ya kuyaandika, na ufute pia nenosiri la zamani la programu katika akaunti ya Google, kwa kuwa aliyefika kwenye faili moja la kompyuta hiyo huenda amelisoma na jingine.